Treni Waliyoiita ya Kahiga

Kampala
12 Februari 1951

Kwa shemeji yangu Wariara,

Nyumba yangu yote inakusalimu. Wanjugu alikuwa na jino lililomsumbua hadi Mwaka Mpya, sasa limeng'olewa na kelele zimerudi kama zamani. Kijana wetu wa pili ameajiriwa katika karakana ya reli hapa. Mvua haikatiki, na ndizi ni nyingi hata tunawasihi majirani wazichukue. Nasikia baridi ya Dundori imeunguza pareto ya mwajiri wenu. Poleni. Na kifua chako je?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tangu tumzike ndugu yangu, mumeo Kahiga, mwaka jana nimekuwa nikijiuliza atakumbukwa kwa lipi. Unajua yaliyosemwa kwetu tangu utoto: Hiram ndiye aliyesoma, Kahiga ndiye aliyeshindwa. Kumbe aliyeshindwa ndiye aliyeacha kitu. Hapa Kampala nimewasimulia makarani wenzangu habari za treni ile ndogo aliyoijenga katika banda la zamani la kukaushia pareto. Nimewaeleza reli zake za vyuma vya kufungia masanduku, injini yenye mota ya waipa ya kufutia kioo cha lori, na mabehewa arobaini ya bati yanayofuatana kuzunguka kuta bila hata moja kuanguka. Hawaamini. Wanasema hata wazungu wenye treni za kuchezea za dukani hawathubutu kufunga zaidi ya kumi.

Nimeiandikia klabu ya Waafrika wa reli hapo Nakuru, na katibu wao, Bwana Kiprugut, amekubali. Watakuja kuitazama Jumamosi baada ya Pasaka, nami nitakuwapo. Wakiridhika wataihamishia katika ukumbi wao, na ukutani kutakuwa na kibao cha shaba: TRENI NDEFU YA KAHIGA. Siku hiyo nitaiendesha mimi mwenyewe kwa niaba ya marehemu.

Nakuomba ufagie banda, betri ipelekwe kuchajiwa, na chai iwe tayari. Wageni watakuwa sita au saba.

Ni mimi shemeji yako mpenzi,
Hiram Gachanja


Dundori
3 Machi 1951

Shemeji Hiram,

Barua yako ilikaa posta Nakuru hadi lori la viazi lilipoteremka. Wasalimie Wanjugu na watoto. Hapa Mugure, mke wa mwanangu, amejifungua msichana, na kwa desturi yetu amepewa jina langu. Basi tuko Wariara wawili nyumbani, mmoja analia na mwingine anakohoa, na jirani hawajui wamwonee nani huruma. Pareto iliungua kweli. Mwenye shamba ananuna kana kwamba sisi ndio tulioiita baridi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umepanga wageni, umepanga kibao, umempanga na mwendeshaji. Mimi umenipa ufagio na birika.

Hukuniuliza kama napenda treni ihame. Hukuniuliza ni nani aliyekuwa akiitunza tangu tumzike Kahiga, ni nani anayepangusa kutu kwenye reli kila wiki. Nilifundisha watoto kusoma miaka mingi katika shule ya misheni, Hiram, na barua yenye mashimo naitambua.

Nijibu jambo moja tu. Siku ya maonyesho ya kilimo Nakuru, treni ilipokuwa ikizunguka na watu wakishangilia, wewe ulikuja nyuma ya pazia la magunia kuomba maji ya kunywa. Ulimkuta nani pale, na mkono wake ulikuwa umeshika nini?

Ukinijibu hilo, nitafagia banda kwa moyo mweupe. Usiponijibu, nitafagia vilevile, kwa maana sitaki wageni waseme kwa Kahiga ni pachafu.

Mimi,
Wariara


Kampala
9 Aprili 1951

Shemeji,

Salamu. Sisi ni wazima. Nilifika salama, ila sikulala garini kutoka Nakuru hadi Tororo kwa aibu.

Nakuandikia nikiwa bado na uchungu. Uliona mwenyewe ulipokuwa umesimama mlangoni na sinia la chai. Nilivuta mkono wa umeme, ule wa kuongezea mwendo, polepole, kama Kahiga alivyokuwa akinieleza. Treni ikaondoka vizuri, ikapita ukuta wa kwanza, ikafika kwenye kona ya dirisha, na behewa la pili likalala ubavu. Likavuta la tatu, la tatu likavuta la nne. Tukayapanga upya. Mara ya pili, kona ileile. Mara ya tatu nilikwenda kwa mwendo wa konokono, na kona ileile! Ulimsikia yule mweka hazina wao mfupi: "Hii ndiyo treni ndefu? Mbona inapenda kulala?" Wakacheka wote. Bwana Kiprugut hakucheka, lakini alitazama saa yake, na hilo liliniuma zaidi. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Karani, marehemu tunamheshimu, lakini ukutani hatuwezi kutundika hadithi."

Shemeji, treni hii ilizunguka siku nzima kwenye maonyesho mbele ya mamia ya watu. Leo haiwezi kupita kona moja. Maana yake haikutunzwa. Panya wameingia, au watoto wa shamba wameichezea, au reli imepinda kwa unyevu. Unasema ulikuwa ukiipangusa kila wiki. Nisamehe, lakini sioni dalili. Jina la ndugu yangu limechekwa ndani ya nyumba yake, na sijui nianzie wapi kulisafisha.

Nimeandika kwa ukali kwa sababu wewe ni mtu wa nyumbani.

Hiram


Dundori
17 Juni 1951

Hiram,

Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mtoto Wariara amejua kucheka, na anamcheka kila mtu bila kuchagua. Viazi ni vizuri mwaka huu. Mimi nimelala tangu mwisho wa Aprili. Daktari wa Nakuru aliniwekea kile chombo chake kifuani, kisha akamvuta Mugure kando na kumnong'oneza, akidhani masikio ya mzee yamezeeka pamoja naye. Niliyasikia yote. Moyo umechoka na hautapumzika isipokuwa mara moja. Kwa hiyo sina tena sababu ya kukuandikia kwa adabu, na naandika kidogo kidogo, siku hii mistari mitano, siku ile mitatu. Ukiona wino unabadilika, ujue nililala.

Unasema panya. Panya hawakugusa chochote, wala watoto, wala unyevu. Ni mimi niliyeiangusha ile treni.

Nianze mbali kidogo ili uelewe. Kahiga aliijenga, hilo silipingi. Alikuwa na mikono ambayo wewe hukupewa, Hiram. Kila gurudumu alilichonga mwenyewe, akalizungusha mbele ya taa kutazama kama linayumba, na likiyumba alilitupa. Lakini hakuweza kuendesha zaidi ya mabehewa manane. Akifunga la tisa na la kumi, treni ilianguka kwenye kona ya dirisha, kona uliyoiona wewe.

"Inakimbia mno," alisema, akapunguza mwendo. Ikaanguka.

"Basi ni kona," alisema, akaing'oa na kuitandika upya. Ikaanguka.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nasuka kiondo. Nikamwambia, "Kahiga, mbona yanaangukia ndani ya kona? Kitu kinachokimbia mno kwenye kona hurushwa nje."

"Mwalimu," akanijibu, "rudi kwenye chaki yako."

Alicheka, nami nikacheka, tulikuwa watu wa kutaniana. Lakini sikuacha kufikiri. Ukisuka kiondo na ukavuta uzi kwa nguvu kabla mviringo haujashikana, uzi haufuati mviringo. Unakata njia na kukimbilia ndani. Nikaona ndiyo treni yenyewe. Injini inavuta mbele, uzito wa mabehewa ya nyuma unavuta kinyume, na yaliyo katikati ya kona, kama ni mepesi, yanavutwa ndani hadi yaache reli. Na unajua ni behewa gani Kahiga aliloliweka daima nyuma ya injini? Lile la fasti klasi, daraja la wakubwa, alilolipaka rangi na kulitia madirisha ya vioo vya chupa. Tupu, jepesi kama ganda la yai. Nyuma yake akafunga yale mengine mazuri, matupu pia. Mabehewa ya mizigo yenye kokoto ndani akayaacha mkiani kwa sababu hayapendezi.

Siku moja alipoteremka mjini kununua misumari, nikaipanga treni kinyume kabisa. Nikatia kokoto pale palipotakiwa. Aliporudi nilikuwa nimefika mabehewa ishirini na mawili na treni inazunguka. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Nani amekuonyesha?"

"Kiondo."

Akaitazama ikipita. Kisha akasema, "Lakini mwalimu, fasti klasi mkiani? Wakubwa wasafiri nyuma ya ng'ombe?"

"Wakubwa wakitaka kufika, watasafiri nyuma ya ng'ombe."

Tangu siku hiyo mkono wa umeme ulikuwa wangu. Tulifika mabehewa arobaini, na injini ikiwa kwenye mlango, la mwisho lilikuwa bado halijaondoka kwenye kona ya dirisha. Kahiga alikuwa akikaa chini katikati ya banda na kugeuka nayo kama alizeti.

Kisha yakaja maonyesho. Mwandishi wa langoni aliuliza jina la mwenye kazi, Kahiga akataja lake. Nilikuwa nimesimama kando yake na betri miguuni. Ndani, akaniambia, "Kaa nyuma ya magunia, mwalimu, watu watasema nimeleta mke wangu acheze." Nikakaa. Aliposhangiliwa nilisikia kelele tu, sikuona hata uso mmoja. Jioni aliona haya. Aliniambia, "Mwaka ujao nitawaambia." Mwaka ujao ulifika naye hakuwapo. Sikumkasirikia alipokuwa hai. Nimeanza kumkasirikia sasa, na hana pa kunijibia, na hilo nalo linanikasirisha.

Lakini wewe, Hiram! Wewe uliingia nyuma ya magunia. Uliniona na mkono kwenye umeme, ukaona macho yangu yako kwenye tundu la gunia yanaifuata treni. Ukasema, "Shemeji, usisimame, watu wataona." Ukanywa maji yangu, ukarudi mbele kupiga makofi. Nilikuuliza mwezi wa tatu, hukujibu. Ukaja hapa, ukala, ukanipita kwenye mlango kama unavyopita kabati.

Basi asubuhi ya Jumamosi ile niliinuka kabla Mugure hajawasha moto. Nikayafungua mabehewa yote nikayapanga upya. Fasti klasi mbele. Mazuri yote matupu nyuma yake. Kokoto mkiani. Nilipanga kama Kahiga alivyopenda, bila kuzidisha wala kupunguza. Mlitaka treni ya Kahiga. Niliwapa treni ya Kahiga.

Ilipoanguka mara ya kwanza ulinitazama. Usikatae. Uliniona na sinia, na ulijua kwamba ukisema maneno mawili tu, "Shemeji, njoo," itazunguka. Nilingoja uyaseme. Nilingoja na mara ya pili. Mara ya tatu ulitazama reli, ukatazama dari, ukatazama viatu vyako.

Sasa nikiri kile kinachonilemea kweli, maana kuipanga treni hakunilemei hata kidogo. Yule mfupi aliposema treni inapenda kulala, nilikwenda jikoni nikacheka. Nilicheka hadi Mugure akaja kunishika. Nilimcheka mume wangu aliye kaburini, mtu aliyekuwa akizungusha magurudumu mbele ya taa hadi macho yakatoka machozi. Hilo nimemwambia Mungu, na sasa nakwambia wewe uliye damu yake. Nisamehe kwa hilo.

Kwa mengine usinisamehe, sijakuomba.

Wariara


Kampala
2 Julai 1951

Shemeji yangu Wariara,

Wanjugu analia na kukuombea. Anataka kuja, ruhusa yangu haijatoka. Anakutumia shuka zito na chai ya huku.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Ndiyo. Nilikukuta nyuma ya magunia. Ndiyo, nilikutazama Jumamosi ile.

Sijui kama utaelewa. Baba yetu alikuwa akituweka mbele ya wageni, anasema, "Huyu kalamu, huyu jembe bovu." Mimi nilikuwa kalamu, na sikusema neno kumtetea ndugu yangu, kwa sababu nilipenda kuwa kalamu. Nilipoona watu wanamshangilia Kahiga pale maonyeshoni nilisema moyoni, haya, leo deni langu limelipwa. Nikaogopa kwamba ukiinuka tu, atarudi kuwa jembe bovu. Ni hivyo tu. Si sababu nzuri, ila ndiyo niliyo nayo.

Kuhusu kucheka, sina cha kukusamehe. Kahiga mwenyewe angecheka.

Nimemwandikia Bwana Kiprugut. Nimemwambia kwamba treni iliendeshwa na mtu asiyeijua, na kwamba mwenye kuijua yuko hai na aitwe mapema. Nimeagiza kibao kipya kwa fundi Mhindi hapa, na nitakutumia kwa reli.

Naomba jambo moja. Niandikie mpangilio wa mabehewa, lipi linafuata lipi, ili ujuzi huo usipotee.

Hiram


Dundori
25 Agosti 1951

Hiram,

Shuka limefika, ni zito kweli, linanikaa kama mtu. Mwambie Wanjugu asilie, machozi ni ya kuweka akiba. Mtoto Wariara anakaa bila kushikwa. Mugure anaiendesha treni vizuri kuliko nilivyotarajia, na mpangilio anaujua kwa moyo. Wewe sikuandikii. Ukiutaka, njoo umwombe yeye.

Walikuja wiki iliyopita. Ulimwambia Kiprugut "mwenye kuijua", jina hukumwambia. Hata katika kutubu ulilikwepa. Aliingia bandani akamtafuta kijana. Aliponiona kwenye kiti, nimefungwa shuka, mguu mmoja hauna kiatu kwa sababu ya uvimbe, akauliza kwa heshima, "Mama, fundi yuko wapi?"

"Umemkuta."

Yule mfupi akasema, "Mama atachoka. Tufunge mabehewa machache tu."

"Funga yote," nikamwambia. "Na wewe simama kwenye kona ya dirisha, ndipo unapopapenda."

Nilirudisha injini nyuma kidogo ili kulabu zilegee, kisha nikaiondoa mbele taratibu. Zikakaza moja moja, ule mlio kama mtu anayehesabu punje za mahindi, kutoka ukuta wa kwanza hadi wa tatu. Treni ikaondoka. Ikafika kwenye kona. Yule mfupi alikuwa ameinama, mikono imekingwa kama mdaka mpira. Ikapita. Fasti klasi ikapita mwisho kabisa, vioo vya chupa vinawaka kwa jua. Ilizunguka mara nyingi. Nilikuwa na pumzi chache, nikaona hapa ndipo pa kuzitumia.

Kiprugut alivua kofia. "Mama," akasema, "tulimcheka mtu asiye na kosa."

"Mlicheka, nami nilicheka," nikamjibu. Sikutaka nionekane mtakatifu. "Lakini sasa mmeona nyuso zenu zikoje mnapofurahi? Mimi ndiyo mara ya kwanza kuziona."

Treni itabaki hapa hadi niondoke, kisha itakwenda ukumbini, na Mugure ataalikwa kuifundisha. Tumekubaliana hivyo, na Kiprugut ameshika mkono wangu mbele ya mashahidi.

Jana kikafika kibao chako. Nilimwambia Mugure anifungulie, nikavaa miwani. Shaba nzuri, herufi zimechorwa vizuri. TRENI NDEFU YA BIBI KAHIGA.

Hiram, nilipewa jina kabla Kahiga hajanijua. Nililiandika kwenye ubao mbele ya madarasa mengi. Sasa liko kwa mtoto anayekaa hapa karibu nami akila ncha ya shuka lako. Miezi sita tumeandikiana, na jina hilo liko chini ya kila barua niliyokutumia. Ulipofika kwa fundi, kalamu ikakushinda?

Sikirudishi. Nikikirudisha kitachelewa, na mimi sina pa kungojea.

Nimekigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa safi. Nilimwomba Mugure msumari wa Kahiga, ule mgumu wa kutobolea bati, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule. Ilinichukua tangu chai ya asubuhi hadi ng'ombe waliporudi, na nilipumzika mara nyingi. Nimeandika:

MAGURUDUMU: KAHIGA
MWENDO: WARIARA

Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Ndugu yako si jembe bovu, na wala hakuhitaji mkono wangu kuwa fundi.

Mugure amekipigilia ukutani juu ya kona ya dirisha, misumari minne, ameipinda kwa nyuma ili isitoke. Ukija, kisome. Upande wako unatazama ukuta.

Wariara